Kilomita Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kuchosha. Nasema hivi kwa upendo. Mkewe alikuwa akisema hivyohivyo bila upendo wowote. Ndani ya nyumba yake hakuna kitu kilichoruhusiwa kufa ghafla. Bawaba za milango zilitiwa mafuta kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Feni ilishushwa, ikafutwa mapanga, ikapandishwa. Cherehani ya mkaza mjomba ilining'inizwa kijikadi kwa uzi, kimeandikwa tarehe iliyotiwa mafuta na tarehe ya kutiwa tena. Yeye mwenyewe alikwenda kupimwa presha kwa tarehe, anaumwa haumwi, na muuguzi akimwambia mbona uko salama mzee, alijibu kwamba ndiyo maana amekuja.

"Na mimi sevisi yangu lini?" mkaza mjomba alimtania mbele ya wageni. "Miaka thelathini na mbili hii, hakuna aliyewahi hata kunifungua boneti."

"Wewe hujawahi kuzima," Mjomba alijibu, bila kucheka. "Gari linalounguruma halifanyiwi sevisi."

Kazini walimwita Mzee Kitambaa, kwa sababu ya tambara lililokaa begani mwake, safi asubuhi na jeusi jioni. Lilikuwa la kufutia kijiti cha kupimia oili. Kabla hajawasha gari alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, kisha akaisugua ile oili kati ya vidole viwili, macho ameyapeleka kwingine, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Gari lilikuwa la kituo cha afya, jeupe, refu, la dizeli. Alilipokea likiwa jipya, viti bado vimevaa nailoni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lilibeba maboksi ya baridi yenye chanjo, pamoja na muuguzi mmoja, kwenda vijiji ambavyo hakuna gari jingine lililokuwa na haja ya kwenda.

Wakati haya ninayoyasimulia yanaanza, alikuwa amebakiza miezi kumi na sita kustaafu. Watu wengine wakikaribia kustaafu huanza kuzungumzia shamba au kuku. Yeye alizungumzia siku ya makabidhiano. Alipoanza kazi, kijana mwenye leseni mpya, alipewa funguo na mzee aliyekuwa anaondoka, akakimbia nazo hadi uani, akakuta gari limekaa juu ya mawe, halina matairi wala betri. Miezi saba aliitwa dereva na kazi yake ilikuwa kufagia chini ya gari hilo. Hakuwahi kumsamehe yule mzee.

"Sitaki sherehe," alikuwa akisema. "Sitaki saa ya ukutani. Nataka nimkabidhi mtu funguo za gari linalowaka, basi. Azungushe ufunguo, liitike, mimi niende zangu."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Ukilitazama ni jambo dogo sana.

Sasa lazima nieleze sheria ya ofisi yetu, na msomaji anisamehe, maana hata mimi niliyeifanyia kazi miaka sita naona haya kuieleza. Gari lilifanyiwa sevisi kila baada ya kilomita elfu tano kwa mujibu wa mita yake, si kabla. Zamani madereva fulani, ambao leo wamestaafu na wana nyumba nzuri, walikuwa wakinyonya oili mpya na kuiuza, na wengine wakirudisha mita nyuma. Basi ofisi ikaleta lakiri: kipande cha risasi na waya mwembamba, kikafungwa kwenye nati ya kumwagia oili, kwenye filta, na nyuma ya mita. Koleo la lakiri lilikaa kwa fundi wa ofisi, na fundi hakuligusa bila fomu iliyoidhinishwa. Dereva akikutwa na lakiri iliyokatika, kazi hana. Vipuri vidogovidogo navyo viliombwa pamoja na sevisi, kwa fomu ileile moja, ili karakana kuu isisumbuliwe kila siku kwa ajili ya balbu. Kwenye karatasi ilikuwa sheria safi kabisa.

Mimi nilikuwa masjala. Fomu ya dereva ikija, nilifungua faili la gari, nikalinganisha namba ya mita na namba ya sevisi ijayo, kisha nikagonga muhuri mmoja kati ya miwili niliyokuwa nayo mezani: IMEFIKA au HAIJAFIKA. Sevisi ikishafanyika niliandika kadi mpya ya kufungwa kwenye funguo. Na kazi hiyo ni Mjomba aliyenitafutia. Nilipomaliza shule nikakaa nyumbani miaka miwili nikihesabu nzi, ni yeye aliyezunguka na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki, mlango kwa mlango, tambara likiwa begani, mpaka mtu akachoka kumwona na kusema mlete huyo binti.

Waya wa mita ulikatika siku ya Ijumaa, wakati anarudi. Mshale ukalala na namba zikasimama: 192,188. Kadi kwenye funguo ilisema sevisi ijayo ni 192,400. Zilibaki kilomita mia mbili na kumi na mbili. Raundi ya Jumatatu ilikuwa kilomita tisini na nne na ya Jumatano mia na kumi na nane. Alizijua kama anavyojua vidole vyake, kwa kuwa alizipita kwa miaka kumi na mitatu. Yaani waya ungevumilia Jumatatu moja na Jumatano moja tu, hadithi hii nisingekuwa nayo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alikuja masjala na fomu yake, amechana nywele kama anakwenda kanisani au msikitini. Kwenye nafasi ya namba ya mita aliandika 192,188. Chini yake, kwenye nafasi ya matatizo mengine, aliandika kwa herufi zake za kusimama: *Waya wa mita umekatika Ijumaa iliyopita. Hesabu ya kweli ni 192,400. Naomba sevisi pamoja na waya.*

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Leo imetimia kamili, haikuzidi hata moja."

Nilitazama fomu, nikatazama faili. Namba ya mita ilikuwa ndogo kuliko namba ya sevisi. Sikuwa na muhuri wa tatu. Niliipeleka kwa Afisa Magari, bosi wangu, mtu mpole mwenye tumbo la kutangulia, ambaye maisha yake yote aliishi kwa kuogopa wakaguzi. Aliisoma mara mbili, akajikuna shingo.

"Anaomba waya," akasema.

"Ndiyo bosi."

"Waya unaombwa na sevisi."

"Anaomba na sevisi."

"Sevisi haijafika." Alinirudishia karatasi taratibu, kana kwamba anamrudishia mtu mtoto anayelala. "Mwambie ikifika tutampa vyote viwili."

Nilicheka. Naapa nilicheka, nikidhani anatania. Nikarudi mezani kwangu nikagonga HAIJAFIKA, na moyoni nikasema ni suala la wiki moja mbili, litanyooka lenyewe. Mjomba naye alidhani hivyo. Aliichukua fomu, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Basi nitaandika barua," akasema.

Aliandika barua tatu kwa muda wa miezi minne. Zilijibiwa zote, sitaki kumsingizia mtu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Ya pili, kwamba suala lake bado linashughulikiwa. Ya tatu ilimleta mkaguzi kutoka makao makuu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono, ambaye alikaa kwenye kiti cha dereva, akapuliza vumbi lililokaa juu ya dashibodi, akasoma kwa sauti, "Laki moja tisini na mbili elfu, mia moja themanini na nane," akaandika.

Mjomba alisimama pembeni ya mlango, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, hiyo namba imekufa. Ilikuwa hiyohiyo miezi minne iliyopita."

"Lakiri ya mita ni nzima," mkaguzi akasema, akiiangalia kwa tochi ya simu. "Hongera. Madereva wengi wangekuwa wameshaichezea."

"Sijaichezea. Ndiyo maana imekufa."

"Basi uko salama, mzee." Akashuka, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akaondoka. Ripoti yake ninayo kichwani mpaka leo: *Chombo kimekaguliwa. Mita imesomwa. Muda wa sevisi haujafika.*

Kuanzia hapo Mjomba alifungua daftari, akaanza kwa kujaza raundi zote tangu ile Ijumaa ya waya. Lilikuwa daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila raundi aliiandika: tarehe, kijiji, kilomita, jumla. Wiki moja ni kilomita mia mbili themanini na nane, hakuna kupungua, na mvua ikikata njia zinaongezeka. Jumapili mchana nikienda kuwasalimia nilimkuta mezani, miwani puani, anajumlisha. Zikafika elfu saba, zikafika elfu tisa, zikafika elfu kumi.

"Elfu tano ni ya gari la mjini," alinieleza siku moja, bila kuinua kichwa. "Lami, safari moja asubuhi, moja jioni. Gari la vumbi ungelibadilishia kwenye elfu tatu na nusu, elfu nne. Na yale masaa muuguzi anachoma sindano mimi nimeliacha linaunguruma ili boksi la baridi lipate umeme, mita haisogei hata ikiwa nzima, lakini oili inapikwa. Gari halihesabu kilomita, mwanangu. Linahesabu shida."

"Hapa nyumbani na sisi tunahesabu," mkaza mjomba akasema kutoka dirishani, anapitisha uzi kwenye sindano. "Kila siku gari, gari. Ningejua ningeolewa na radieta."

Lakini nilimwona akimwangalia. Mjomba alikuwa ameanza kupungua. Alinunua oili kwa pesa yake akawa anaongezea kwa juu, maana kuongezea hakukatazwi. Kilichokatazwa ni kuimwaga ile ya zamani. Alijua, na alinieleza kwa hasira kana kwamba ni mimi niliyebishana naye, kwamba kuongeza oili safi juu ya oili iliyokufa ni sawa na kubadilisha shuka bila kumwosha mgonjwa. Tambara lake sasa lilikuwa jeusi kabla ya saa mbili asubuhi. Alinionyesha vidole vyake: uji mzito, mweusi, wenye punje.

"Hii ni chuma," akasema. "Injini inajila."

Unaweza kuuliza, kwani mafuta ya dizeli alipewaje kama gari halitembei? Alipewa kwa raundi. Chumba cha pili kutoka kwetu kulikuwa na faili jingine, la mafuta, na humo kila Jumatatu, kila Jumatano na kila Ijumaa iliandikwa gari limekwenda wapi na limerudi saa ngapi, likasainiwa na watu wawili. Ofisi ileile iliyomjazia tangi kwa kilomita elfu kumi haikumtambulia hata moja. Nilimwambia bosi hivyo. Akaniuliza kama mimi ni wa idara ya mafuta.

Mwezi wa tisa tangu waya ukatike, saa ya chakula cha mchana, bosi ametoka, Mjomba aliingia masjala akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa hajawahi kufunga mlango ule. Akavuta kiti cha wageni, akakaa ukingoni, tambara amelishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "kuna sauti imeanza. Chini, upande wa kulia. Tik, tik, tik. Asubuhi tu, likipata moto inapotea. Beringi hizo."

Nikaweka muhuri chini.

"Nimeleta fomu." Akaiweka mezani. Nafasi ya namba ya mita ilikuwa tupu. "Mimi nimeshindwa kuiandika. Mkono umekataa. Nimejaribu nyumbani mara tatu. Iandike wewe. Andika laki moja tisini na mbili elfu mia nne na tano. Ni kweli ilishapita, Mungu anajua, wewe unajua. Gonga muhuri, fundi aje na koleo, amwage ule uchafu, basi. Nusu saa."

Nilijua alichokuwa akiniomba kimemgharimu nini. Mtu huyu hakuwahi kuongeza hata dakika kumi kwenye karatasi ya kuripoti kazini. Na nilijua pia mkaguzi yule ataipitia fomu, ataisoma mita, ataona 192,188, ataona mwandiko wangu. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne na chumba cha kupanga.

"Mjomba, watanifukuza."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayekubaliana na jambo zuri.

"Umesema kweli. Watakufukuza. Nisamehe mwanangu, nimekuomba kitu kibaya." Akaichukua fomu, akaikunja, akainuka. Mlangoni akageuka. "Mtoto hajambo?"

Laiti angenitukana. Laiti angenikumbusha ile bahasha ya kaki na ile milango yote aliyoigonga kwa ajili yangu. Hakusema. Nami nilikula chakula changu cha mchana, ndiyo, nilikula chote, kisha nikagonga mihuri mpaka saa kumi.

Gari lilikufa Jumatano, miezi miwili kabla ya tarehe yake ya kustaafu, kwenye raundi ya kilomita mia na kumi na nane. Muuguzi ndiye aliyenisimulia. Alisema ile tik ilikuwa imegeuka kuwa mtu anayegonga mlango kwa ngumi, na Mzee Kitambaa alikuwa akiendesha ameinamisha kichwa upande mmoja, haongei, anaomba kwa midomo. Kwenye mlima wa pili taa nyekundu ya oili ikawaka. Alizima hapohapo, hakusubiri hata kusogea pembeni. Lakini injini ilikuwa imeshanoki. Alijaribu kuizungusha injini kwa spana, kwa nguvu za mikono miwili, ikawa kama anazungusha ukuta. Akafunga boneti, akaifuta kwa tambara pale alipoweka viganja vyake, akakaa kwenye bampa.

Kilomita tano mbele akina mama walikuwa wanasubiri na watoto migongoni. Walisubiri mpaka saa tisa, wakarudi. Barafu ikayeyuka, chanjo zikaharibika, maboksi matatu. Tangu siku ile raundi zilikoma, na sikusikia zikianza tena.

Gari lilivutwa kwa trekta hadi uani kwetu. Mkaguzi akarudi na shati jingine, na jambo la kwanza aliloamuru ni waya wa mita ubadilishwe, kwa sababu fomu ya uchunguzi wa chombo kilichoharibika haikubali kipimo kibovu. Fundi wa ofisi alileta koleo, akakata lakiri, akaweka waya mpya, akafunga lakiri nyingine. Nilimtazama dirishani, na nilikuwa na saa mkononi. Dakika kumi na tisa. Mjomba naye alisimama palepale uani, anatazama, na mimi sikuwa na ujasiri wa kushuka kusimama naye.

Kamati ilikaa siku ya pili yake kwenye chumba cha mikutano: Afisa Magari, mkaguzi, na mtu wa utumishi aliyekuwa na haraka. Mimi nilikuwa mwandishi wa muhtasari. Mjomba alivaa koti. Alikuwa ameliacha tambara nyumbani, na bega lake lilionekana tupu kama ukuta uliong'olewa picha.

"Gari lilifanyiwa sevisi kwenye laki moja themanini na saba elfu na mia nne," mkaguzi alisoma. "Injini imekufa kwenye laki moja tisini na mbili elfu, mia moja themanini na nane. Yaani kabla hata ya sevisi inayofuata. Injini ya aina hii haiwezi kufa ndani ya kilomita elfu nne na mia saba themanini na nane isipokuwa kwa uendeshaji mbaya. Una la kusema?"

Mjomba aliweka daftari mezani, akalifungua, akaligeuza ili wasome wao.

"Elfu ishirini na mbili," akasema. "Ni oili ileile moja iliyokwenda elfu ishirini na mbili na zaidi. Hata mimi nashangaa ilivyovumilia. Lilikuwa gari zuri sana."

Mkaguzi aligeuza kurasa mbili tatu, akaona jedwali la kuzidisha nyuma.

"Hili ni daftari binafsi."

Hapo nilinyoosha mkono. Nikasema kwamba faili la mafuta, chumba cha pili, lina raundi zote, limesainiwa na watu wawili, linaweza kulinganishwa na daftari mstari kwa mstari, na kwamba barua zake tatu zipo kwenye faili la gari na mimi ndiye niliyezipokea.

Bosi wangu alitazama meza. Mtu wa utumishi alitazama saa.

"Mwandishi huandika," mkaguzi akasema, wala hakuwa mkali. "Na faili la mafuta ni la idara nyingine."

Nikaandika. Niliandika kwa mkono wangu kwamba kamati imeona chanzo ni uendeshaji wa dereva, kwamba atapewa barua ya onyo, na kwamba kwa kuzingatia umri wake atastaafu mapema, mwisho wa mwezi huo. Walijiona wamemhurumia. Ujasiri niliokosa mwezi wa tisa niliupata siku ambayo haukuwa na kazi tena, na sijui kama huo nao unaitwa ujasiri.

Siku ya makabidhiano hakukuwa na dereva mpya, maana hakukuwa na gari. Mjomba alimkabidhi funguo Afisa Magari, mezani kwangu, mbele ya fomu. Palikuwa na kisanduku kimeandikwa *Hali ya chombo wakati wa kukabidhiwa*. Alivaa miwani, akaandika: *Haliwaki.* Akakaa na kalamu hewani.

"Naweza kuongeza maneno?"

"Kisanduku ni kidogo, mzee," bosi akasema kwa upole.

"Ni kweli," Mjomba akasema. "Ni kidogo." Akasaini. Ile kadi ya zamani ilikuwa bado imening'inia kwenye funguo, 192,400, imefifia kwa jasho la mfuko wake. Bosi aliifungua uzi akamrudishia, hakujua aifanyie nini. Mjomba akaiweka kwenye mfuko wa koti na kwenda nyumbani kwa miguu.

Wiki iliyofuata lori lilikuja kulivuta gari kwenda karakana kuu, ili likakae huko na mengine. Walilifunga kwa chuma, magurudumu yote manne chini, safari ya kilomita mia mbili arobaini na tatu. Na mita yake ilikuwa na waya mpya.

Mnajua kilichotokea. Mimi sikujua mpaka karatasi iliponifikia mezani. Pale getini mwa karakana kuu mlinzi alisoma mita kama kawaida na kuandika 192,431. Karani wao, mtu kama mimi, alifungua jalada, akalinganisha namba mbili, akagonga muhuri. Gari lolote lililofika kilomita zake likiwa ndani ya uzio wao hufanyiwa sevisi, ndiyo sheria. Mafundi wakakata lakiri, wakamwaga ule uji mweusi, wakaweka filta mpya na oili mpya, lita saba na nusu, kwenye injini isiyozunguka, wakafunga lakiri. Kisha wakanitumia karatasi ili niandike kadi mpya. Imefanyika kwenye 192,431. Inayofuata, 197,431. Na utaratibu unasema kadi apelekewe dereva aliyesajiliwa kwenye faili, na kwenye faili, mpaka atakapoteuliwa mwingine, dereva ni Mjomba.

Ningeweza kuichana. Nimejiuliza sana kwa nini sikuichana. Nadhani niliona kwamba nimeshamnyima mambo ya kutosha.

Nilimkuta barazani, saa nne asubuhi, amekaa tu. Bawaba ya mlango ililia nilipopita, na nilisimama kwa mshtuko mkubwa kuliko kama ningeona moto. Mkaza mjomba alikuwa ndani kwenye cherehani. Alinipungia mkono, hakutania. Nilimpa Mjomba kadi. Aliisoma mbali, kisha karibu, kwa kuwa miwani hakuwa nayo.

"Huu mwandiko wako."

"Ndiyo Mjomba."

"Wamemwaga yote? Hawakuacha ya chini?"

"Wamemwaga yote. Filta pia."

Alisugua kidole gumba na cha shahada, polepole, macho ameyapeleka kwingine.

"Itakuwa ya dhahabu sasa," akasema. "Mpya ina rangi nzuri sana." Akaanza kulia, bila sauti, kama mtu anayetokwa na jasho, na mimi niliyemjua tangu nizaliwe sikujua mkono wangu niuweke wapi.

Kadi ameitundika ukutani, kwenye msumari uliokuwa wa funguo. Presha haendi tena kupima. Kila nikienda kumsalimia naketi kiti kinachoitazama, na ninaisoma mpaka naaga: sevisi ijayo, laki moja tisini na saba elfu mia nne thelathini na moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini.